Kukompaili Geany mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo: kwa anayeanza, mashine ya mtumba na bando la kubana

Haya jamani, naandika hii mana nimechoka kujibu swali lile lile kila wiki. Mmoja anakuja dukani kwangu hapa Mtwara mjini, mwingine anapiga simu toka Nachingwea, mwingine yuko chuo, wote wanasema kitu kimoja: "kaka nimeshusha programu ya Linux ila ndani hamna faili la kubonyeza, kuna mafolda tu na mafaili yanaishia na .c, sasa nafungua na nini?" Hufungui na kitu mdogo wangu. Huo ni msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kabla hayajageuzwa kuwa programu ya kufunguka (huko kugeuza ndo kukompaili), ni korosho ghafi hiyo, inatakiwa ibanguliwe kwanza. Na sisi watu wa kusini tumezoea kuuza ghafi wakabangue wengine, leo tunabangua wenyewe.

Mfano wangu ni Geany. Ni programu ya kuandikia msimbo, ina madirisha na menyu na vitufe vya kawaida, ilianzishwa na Enrico Tröger mwaka 2005 na mpaka leo ipo. Nimeichagua kwasababu ni ndogo. Ukianza kujifunza kukompaili na LibreOffice au Chromium utakaa nayo masaa na masaa, diski itajaa, afu ikigoma hujui hata uanzie wapi. Geany kwenye mashine yangu kuukuu inamaliza kama robo saa hivi, na makosa yake ni yale yale utakayokutana nayo kwenye programu kubwa.

Swali la kwanza ntalimaliza hapa hapa: "si ningeandika tu sudo apt install geany?" (apt inakuletea programu iliyokwisha kukompailiwa, sudo ni kuiendesha kwa mamlaka ya mwenye mashine.) Ndio, na kama unachotaka ni kuitumia tu basi fanya hivo uende zako, sikudanganyi. Ila mifumo ya Linux kama Mint 21 na Ubuntu 22.04 kwenye apt wanakupa Geany 1.38, Debian 12 pia ni hiyo hiyo, wakati 2.0 ilitoka Oktoba 2023. Ukitaka mpya kwenye mfumo wa zamani bila kubadili mfumo mzima, unakompaili. Aliye na Mint 22 tayari anapata 2.0 kwenye apt, kwahiyo yeye achukue toleo jipya zaidi kwenye tovuti ya Geany, hatua hazibadiliki, unabadilisha namba tu.

KABLA HUJAANZA, KUSANYA HIVI

- Kompyuta ya mezani yenye Linux. Yangu ni mtumba, Core 2 Duo, RAM GB 4, Mint 21 ya Xfce. RAM GB 2 pia inawezekana, ntasema chini ufanyeje.
- Nafasi ya GB 2 kwenye diski, utabaki na chenji.
- Paswedi ya mwenye mashine. Kama ni kompyuta ya shule au ya ofisi na huna paswedi ya sudo, muombe mhusika akae pembeni yako hatua ya 2 na ya 7, usianze kubahatisha paswedi za watu.
- Bando. Geany yenyewe haifiki MB 10, kinachokula bando ni paketi za kusaidia kukompaili. Mi nashusha usiku.
- Umeme wa uhakika, au UPS hata ile ya dakika kumi. Kwa huku kwetu hii siyo anasa.
- Saa ya kompyuta iwe sahihi. Usicheke, ndo hatua ya kwanza hiyo.

HATUA

1. Angalia saa na tarehe.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri (Ctrl+Alt+T), andika:

    date

Kama inakuambia mwaka 2009 wakati we unajua vizuri tuko mwaka gani, simama hapo hapo. Ntakwambia kwanini nimeiweka mwanzo. Hii mashine yangu nilivoinunua betri ile ndogo ya kwenye mazabodi ilikuwa imekufa, kwahiyo umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Sasa jioni moja umeme ulikatika ukarudi, mi nikawasha nikaendelea na kazi wala sikuangalia kona ya skrini, nikaendesha configure (utaikuta hatua ya 5) ikanitolea hivi:

    configure: error: newly created file is older than distributed files!
    Check your system clock

Nikasoma ule mstari wa kwanza mara kumi. Nikafuta folda nikafungua upya, ile ile. Ndani wananiita ming'oko inapoa, mi naitikia nakuja nakuja, siji. Mpaka saa nne usiku ndo macho yakaangukia kwenye saa, tarehe 1 Januari 2009. Kumbe tar, ile amri ya kufungulia furushi la msimbo, ikilifungua inaliachia kila faili tarehe yake ya asili, ile ya wenyewe waliotengeneza, kwahiyo mafaili ni ya 2023 na mashine inaamini iko 2009, inaona mafaili yametoka mwakani huko, inakataa kazi. Na jibu lilikuwa limeandikwa mstari wa pili muda wote ule.

Kurekebisha kwa muda (weka tarehe na saa ya siku yako, hii ni mfano):

    sudo date -s "2025-11-14 19:30"

Dawa ya kudumu ni betri mpya, inaitwa CR2032, ya volti 3, mi nilipata kwa bei ya soda mbili. Zima mashine, chomoa waya kabisa ukutani, fungua kasha, shika chuma ya kasha kidogo umeme wa mwilini utoke, sukuma kile kibanio betri iruke, weka mpya upande wenye alama ya + ukiwa juu. Basi. Hata zile tovuti za https zilizokuwa zinakukatalia na maonyo mekundu utakuta nyingi zimepona, mana nazo zinaangalia tarehe.

2. Weka vifaa vya kazi.

    sudo apt update
    sudo apt install build-essential pkg-config libgtk-3-dev intltool gettext

build-essential inakuletea kompaila ya C na ya C++ (lugha ambazo Geany imeandikwa) pamoja na make, msimamizi wa kazi ya kujenga. libgtk-3-dev ndo ya madirisha na vitufe, Geany imejengwa juu ya GTK. Kabla hujabonyeza Y soma ule mstari unaosema itashusha MB ngapi, linganisha na bando lako. Zitakuja paketi kibao, usishtuke, GTK ina ukoo mkubwa.

Hapa ndo wengi wanateleza, wanasema "mbona GTK ninayo tayari, programu zangu zote zinafunguka". Unayo ya kuendeshea, huna ya kujengea. Ile inayoishia na -dev ndo ina mafaili ambayo kompaila inayasoma. Ukikumbuka kitu kimoja tu kwenye maandishi yote haya kumbuka -dev, mana erori saba kati ya kumi nilizoletewa dukani zilikuwa -dev moja haipo.

Kuna njia ya mkato, sudo apt build-dep geany, inaleta vyote yenyewe, ila lazima kwanza uwashe hazina za msimbo chanzo kwenye mipangilio ya vyanzo vya programu, la sivyo itakulalamikia kuhusu deb-src. Na inaleta vitu kwa hesabu ya 1.38 ile ya zamani, kwa Geany haina shida, kwa programu nyingine inaweza kupungua kitu.

3. Shusha furushi.

    mkdir -p ~/kazi
    cd ~/kazi
    wget -c https://download.geany.org/geany-2.0.tar.gz

Hiyo -c usiiache. Mtandao ukikatika unarudia amri ile ile inaendelea ilipoishia, haianzi upya. Wapo wanaopenda git clone, yaani kuvuta msimbo kwa programu ya git, ni nzuri, ila ikikatikia njiani huwa inaanza moja, na kwa Geany ukichukua ya git kuna hatua ya ziada ya ./autogen.sh na vifaa vyake. Anayeanza achukue furushi.

Pima kama limefika zima:

    gzip -t geany-2.0.tar.gz

Ikikaa kimya ni zima. Ikisema unexpected end of file halijaisha, rudia wget.

4. Fungua furushi, na ulifungulie nyumbani.

    tar xf geany-2.0.tar.gz
    cd geany-2.0

Nyumbani maana yake folda yako ya home, SIO kwenye flashi. Flashi nyingi ziko FAT32 au exFAT, hazitunzi ruhusa za Linux, utaandika ./configure unaweza kuambiwa Permission denied na utahangaika na chmod weee haitoki. Pia usifungulie Windows afu ukahamishia huku. Na jina la folda lisiwe na nafasi, ukiweka kwenye "Kazi Zangu Mpya" kazi inaweza kukugomea huko mbele kwa erori isiyoeleweka na hapo sasa utaanza kutafuta virusi wakati ni nafasi tu kwenye jina.

5. Endesha configure.

    ./configure

Ile nukta na mkwaju mbele ni lazima, unaiambia itafute kwenye folda hii hii uliyopo. Itatiririsha mistari ya checking for hiki, checking for kile, inakagua kama mashine yako ina kila kitu, yaani kama mama anavokagua viungo kabla hajawasha jiko. Mwisho inakupa muhtasari, itaweka wapi (kawaida /usr/local) na toleo gani la GTK imeliona. Geany 2.0 inataka GTK 3.24, Mint 21 inayo.

Ikigoma, mstari wa mwisho mwisho utakuambia nini hakipo. Mfano:

    No package 'gtk+-3.0' found

Tafsiri yake: libgtk-3-dev haijaingia, rudi hatua ya 2. Au:

    no acceptable C compiler found in $PATH

build-essential haijaingia. Rekebisha afu endesha ./configure tena. Usiende hatua ya 6 kama hii haijaisha salama. Kuna kijana kutoka Mikindani alinipigia make inamwambia "No targets specified and no makefile found", nikamuuliza configure ilimaliza? Anasema "iliandika andika vitu vingi nikajua imemaliza". Haikumaliza. Makefile inazaliwa mwisho wa configure, ikifia njiani hamna Makefile.

6. Sasa kompaili.

    make -j2 2>&1 | tee logi.txt

-j2 ni kazi mbili kwa mpigo, andika nproc uone mashine yako ina kore ngapi, ila kama RAM ni GB 2 andika make peke yake bila -j. Kile kipande cha tee kinatunza kila kinachopita kwenye faili la logi.txt, kitakuokoa baadae.

Utaona mistari inashuka inaanza na CC, hiyo ni C, inakwenda mbio. Na mingine CXX, hiyo ni C++, hapo inapunguza mwendo, ni sehemu ya Scintilla ile inayochora maandishi na rangi za msimbo. Ukiona imekaa kwenye faili kama LexCPP.cxx sekunde kadhaa haijaganda, inafikiri. Feni itapiga kelele, acha.

Maneno warning: yatapita mengi tu, achana nayo. warning ni kompaila inanung'unika, error: ndo imekataa. Watu wananitumia skrinishoti za warning wakiwa na hofu na chini kabisa programu imekamilika vizuri.

ANGALIZO: usiandike sudo make. Ni make kavu. Ukiweka sudo hapa mafaili yote yanakuwa mali ya root, yaani mkuu wa mfumo, kesho ukirudi kama wewe mwenyewe unaambiwa Permission denied ndani ya folda yako.

Umeme ukikatika katikati? Washa, angalia saa (hatua ya 1!), ingia kwenye folda, andika make tena. Inaangalia tarehe za mafaili, vilivyokwisha inaviruka inaendelea na vilivyobaki. Shida inakuja kama kuna faili lilikuwa linaandikwa wakati giza linaingia, limebaki tupu au nusu, make inaliona ni jipya inaliamini, mwisho kwenye kuunganisha unapata file not recognized, file truncated. Hapo futa ulivokompaili uanze upya:

    make clean
    make -j2 2>&1 | tee logi.txt

Inauma ila ni robo saa, unaenda kuchota maji unarudi.

7. Weka kwenye mfumo.

Hapa ndo sudo inaingia:

    sudo make install
    sudo ldconfig

Hiyo ldconfig watu wanaisahau sana, ngoja utaona chini kwenye matatizo.

8. Jaribu.

Kama Geany ya zamani ilikuwa wazi IFUNGE kwanza. Hii imeshanipotezea muda mi mwenyewe: Geany ikikuta kuna dirisha lake tayari liko wazi, haifungui jipya, inakurusha kwenye lile la zamani, we unaona kila kitu kiko vilevile unasema imegoma. Funga, afu:

    hash -r
    which geany
    geany --version

which inatakiwa ijibu /usr/local/bin/geany. Na --version itakuandikia toleo pamoja na tarehe iliyojengwa, ambayo ni leo, umeijenga we mwenyewe. (Kama imeandika 2009 unajua pa kurudi.) Kwenye menyu ya mfumo pia itaonekana, ikichelewa toka kwenye akaunti uingie tena.

9. Folda usilifute.

Ukitaka kuiondoa siku nyingine unarudi kwenye folda hilo hilo la ~/kazi/geany-2.0 unaandika sudo make uninstall. apt haijui kabisa kama hii programu ipo, haitaiapdeti wala haitaifuta. Umezaa mwenyewe, lea mwenyewe.

KAMA MKO WENGI NA BANDO NI MOJA

Mwalimu mmoja wa Newala aliniuliza hili, ana kompyuta nane za aina moja na simu moja ya kugawia mtandao. Shusha mara moja tu. Kwenye mashine ya kwanza, kabla hujainstoli chochote:

    sudo apt install --download-only build-essential pkg-config libgtk-3-dev intltool gettext

Mafaili ya .deb yanakaa kwenye /var/cache/apt/archives, yakopi yote kwenye flashi (.deb hazina shida na FAT32), na furushi la Geany pia. Kwenye kila mashine kopi .deb hizo kwenye folda la nyumbani, ingia humo, sudo apt install ./*.deb. Masharti mawili: mfumo uwe toleo moja, huwezi kutoa Mint 21 ukapeleka Mint 22, na dpkg --print-architecture ijibu neno moja kwenye mashine zote. Na kumbuka mashine ya kwanza haitashusha kitu ambacho tayari inacho, kwahiyo tumia ile iliyo tupu zaidi kuliko zote, ukitumia ya kwako yenye makorokoro ya miaka mitatu nyingine zitapungukiwa.

PROGRAMU NYINGINE ZINAFANANAJE

Sio kila programu ina ./configure. Ukifungua furushi piga ls uangalie. Ukiona faili la CMakeLists.txt hiyo inatumia CMake, Inkscape ni hivo, na nyingi za Qt:

    cmake -B jenzi
    cmake --build jenzi
    sudo cmake --install jenzi

Ukiona meson.build ni Meson, GIMP 3.0 ni hivo:

    meson setup jenzi
    meson compile -C jenzi
    sudo meson install -C jenzi

Mambo ni yale yale, kukagua, kujenga, kuweka. Na kila programu ina faili la README au INSTALL limeorodhesha inataka nini, lisome, ni dakika tano, hata kama kiingereza chako ni cha kuchechemea majina ya paketi utayaona.

MATATIZO NA DAWA ZAKE

Kabla ya yote, jinsi ya kutafuta erori. make ikifa, mistari ya chini kabisa ni kilio tu, Error 1, Error 2, kila folda linalia kwa sababu la ndani yake limelia. Chanzo kiko juu. Erori ya KWANZA ndo yenyewe, zilizobaki ni wapambe:

    grep -n -E "error:|undefined reference|cannot find" logi.txt | head -3

Na kama ulitumia -j2 mistari inachanganyikana, rudia make bila -j, itafika pale pale ilipokwama na kufia hapo.

fatal error: gtk/gtk.h: No such file or directory. Ni -dev tena. Kwa faili jingine lolote la .h chukua jina lake, mfano ni kitu/kitu.h, andika apt search kitu halafu kwenye majibu tafuta inayoanza na lib inayoishia na -dev. Ukishaiweka endesha ./configure upya kabla ya make.

error while loading shared libraries: libgeany.so.0: cannot open shared object file. Hii ndo ile. Programu imewekwa salama ila mfumo haujajua kuna laibrari mpya kwenye /usr/local/lib. sudo ldconfig, sekunde mbili, kwisha. Nimeona mtu kaformati mashine nzima kwa sababu ya hii.

Killed signal terminated program cc1plus. RAM imeisha, mfumo umeiua kompaila. Funga kivinjari chenye tabo thelathini, make bila -j, na kama bado ongeza swapu, sehemu ya diski inayosaidia RAM:

    sudo fallocate -l 2G /swapfile2
    sudo chmod 600 /swapfile2
    sudo mkswap /swapfile2
    sudo swapon /swapfile2

Itakwenda taratibu kama daladala ya mchana ila itafika. Ukizima mashine hiyo swapu haijiwashi tena, ndo vizuri, ukimaliza futa faili.

Clock skew detected. Your build may be incomplete. Saa. Hatua ya 1. Siongezi neno.

Geany imefunguka ila kichupo cha terminali chini hakipo. Inahitaji laibrari ya VTE wakati wa kuendesha: sudo apt install libvte-2.91-0, funga Geany fungua tena, hamna haja ya kukompaili upya.

Vijalizo vya geany-plugins nilivyokuwa navyo vimepotea. Vile vya apt vilijengwa kwa ajili ya 1.38 na viko folda jingine, 2.0 haiviangalii na hata ungevihamishia ingeweza kuvikataa. Vina furushi lao kwenye tovuti ya Geany, toleo lifanane na Geany yako, unavikompaili kwa hatua hizi hizi, ila vyenyewe vinataka -dev nyingi zaidi, ukikosa moja configure inazima tu kijalizo kinachoitaka inaendelea na vingine, angalia muhtasari wake.

"Naweza Windows?" Unaweza, watu wanatumia MSYS2, ila hayo ni maandishi mengine na yanakula bando zaidi ya haya. Weka Mint kwenye flashi ujifunzie huko kwanza.

Na kama umefuata yote imegoma, nitumie vitu vitatu: jibu la date, mfumo wako ni upi na toleo gani, na logi.txt nzima. Faili lenyewe. Sio picha ya skrini iliyopigwa na simu kwa mkono unaotetemeka, yenye nusu ya mistari na mwanga wa dirisha katikati.